Haki ya Mwalimu wa Chuoni

Leo nataka tukumbushane juu ya mtu ambaye wengi wetu tumemsahau, ilhali yeye ndiye aliyetushika mkono katika herufi ya kwanza.

Mimi nilitiwa chuoni mwaka 1966, nikiwa mtoto wa miaka sita. Chuo chetu kilikuwa ni baraza ya nyumba ya mwalimu mwenyewe: mikeka, juzuu za Amma zilizochakaa, na bakora juu ya dirisha. Tulisoma sote kwa sauti, mkubwa akimsomesha mdogo, na mwalimu, hata akiwa amefumba macho, alilisikia kosa la kila mmoja. Ada yake ilikuwa ni senti chache tulizompelekea kila Alhamisi.

Alhamisi moja niliinunulia mabuyu ada hiyo. Niliingia chuoni mikono mitupu na midomo myekundu. Mwalimu alinitazama, akanisikiliza somo langu kama kawaida, wala hakumwambia baba. Nami nikanyamaza.

Ndugu yangu, hebu tuangalie historia yetu. Aya za kwanza kuteremka kwa Mtume wetu (S.A.W.) zilikuja na amri ya kusoma. Na imepokewa katika sira kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka wasiokuwa na mali ya kujikombolea, lakini wakijua kuandika, walifanywa wawafundishe watoto wa Madina, na hiyo ikawa ndiyo fidia yao. Zingatia: kazi ya kufundisha watoto ilihesabiwa sawa na bei ya uhuru wa mtu!

Na hapa pwani kwetu je? Sheikh Abdalla Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu, alisomesha Ukutani, Unguja. Kwake yeye na kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt alikwenda kusoma kijana kutoka Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947). Kijana huyo alirudi kwao akasomesha, akatoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islahi mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu waisome dini yao na elimu ya dunia pamoja. Tangu mwaka 1937 mpaka kufa kwake alikuwa Kadhi Mkuu. Na miongoni mwa wanafunzi wake alitoka Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwenyezi Mungu Awarehemu wote.

Majina hayo tunayajua. Lakini kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto mdogo juu ya mkeka, na yuko aliyemwonyesha alifu na be. Lau mtu huyo angeliiacha kazi kwa kukosa chakula, silsila hiyo ingelianzia wapi?

Mwalimu wangu alifariki kabla sijapata ujira wangu wa kwanza. Deni la maiti ni haki ya warithi wake, basi nilipokuwa mtu mzima nilimwendea mwanawe, nikamweleza habari ya mabuyu na kumpa fedha. Alicheka, kisha akasema: "Sheikh, zile za Alhamisi ndizo mama alizokuwa akinunulia mchele wa Ijumaa." Sikuwa na la kumjibu. Miaka yote nilidhani nimekula senti za mwalimu, kumbe nilikula katika sahani ya watoto wake.

Leo nami ni mwalimu, na nayaona yale yale, ila sasa wenye makosa si watoto. Mzazi hulipa karo ya shule na fedha za masomo ya ziada kabla ya kudaiwa, na ni vyema afanye hivyo. Lakini mwalimu wa madrasa akitaja haki yake, huambiwa asubiri, thawabu zake ziko kwa Mungu. Ni kweli ziko. Je, na mchele wake?

Basi, mpenzi msomaji, wiki hii muulize mwanao jina la mwalimu wake wa chuoni. Kama unadaiwa, lipa. Kama mwalimu wako wewe yu hai, kamwamkue. Na kama ametangulia, muombee dua na uwatazame aliowaacha. Mwenyezi Mungu Awarehemu walimu wetu, na Atusamehe tulivyowapunja. Amin.