Waraka Uliosemekana Kutoka Nairobi

Ninyi mtakaoyasoma mazungumzo haya baadaye katika vikundi vyenu, someni polepole, na penye neno gumu simameni mlizungumze.

Wazee wetu husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mara nyingi methali hii hutumiwa kuuthibitisha uvumi. Mtu akiulizwa, "Una hakika?" hujibu, "Lisemwalo lipo," na maneno yakaishia hapo. Leo nataka tuipime methali hiyo kwa jambo lililotukia kwa jirani zetu wa Rwanda mwezi wa Machi, mwaka 1992.

Kusini ya mji wa Kigali kuna nchi iitwayo Bugesera, na mji wake mmoja huitwa Nyamata. Baada ya machafuko yaliyoanza mwaka 1959, Watutsi wengi walihamishiwa huko kwa nguvu, nyakati ambapo Bugesera ilikuwa pori lenye mbung'o. Wakafyeka, wakalima, wakaishi pamoja na majirani zao Wahutu. Kisha tarehe 1 Oktoba 1990 jeshi la RPF, ambalo wengi wake walikuwa wana wa wakimbizi wa Kitutsi, liliingia Rwanda kutoka Uganda, na vita vikaanza. Mwaka 1991 vyama vingi vya siasa viliruhusiwa. Kimoja kilikuwa Chama cha Kiliberali, nacho kilikuwa na wafuasi wengi wa Kitutsi. Basi hofu ilikuwapo tayari, na mtu mwenye hofu huamini upesi.

Tarehe 3 Machi 1992 Redio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma habari, ikairudia mara kadhaa. Ilisemwa kwamba umepatikana waraka kutoka kwa chama cha kutetea haki za watu kilichoko Nairobi. Kwamba waraka huo wafichua njama ya Chama cha Kiliberali ya kuwaua viongozi wa Kihutu. Habari hiyo haikuwa ya kweli.

Hebu tujiweke mahali pa mkulima wa Bugesera aliyeisikia. Redio ile ndiyo iliyompasha matangazo ya serikali siku zote, naye hakuwa na sababu ya kuishuku. Waraka ulisemekana kutoka Nairobi, mji mkubwa, mbali na ugomvi wa nyumbani. Akaona kwamba watu wa huko hawana upande. Tena ulisemekana kutoka kwa watetezi wa haki, watu wanaoheshimiwa. Na kwa kuwa Nairobi ni mbali, hakuweza kwenda kuuliza. Umbali ule ule ulioipa habari heshima ndio uliomzuia kuichunguza.

Lakini lipo jambo ambalo hata mtu asiyejua kusoma angaliweza kuliona. Hakuna aliyesema, "Mimi nimeona." Redio ilisimulia maneno ya waraka, na waraka ulisimulia maneno ya watu wasiojulikana. Mnyororo mrefu, na mwisho wake haukushikwa na mtu.

Mauaji yalianza Bugesera mara baada ya matangazo yale. Kwa siku kadhaa nyumba za Watutsi zilichomwa moto, mamia wakauawa, na maelfu wakakimbilia makanisani na mashuleni.

Huko Nyamata aliishi mwanamke Mwitalia, Antonia Locatelli, aliyefanya kazi ya kufundisha kwa miaka mingi. Alipoona majirani zake wanauawa alipiga simu kwa redio za nchi za nje, ikiwamo Radio France Internationale, akaeleza aliyoyaona. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Machi alipigwa risasi akafa. Kaburi lake liko kando ya kanisa la Nyamata.

Ndugu zangu, linganisheni habari hizi mbili. Ya kwanza haikuwa na shahidi, nayo iliwataka watu wawaogope jirani zao. Ya pili ilikuwa na shahidi mwenye jina na mahali pake, aliyesema, "Haya nimeyaona," nayo iliutaka ulimwengu uje kuwaokoa watu. Zote mbili zilipita hewani, na chombo cha kuzipokelea kilikuwa kimoja. Kwa hiyo tusiseme kwamba redio ni mbaya, wala kwamba redio ni nzuri. Yatupasa kuuliza nani asema, na amejuaje.

Ferdinand Nahimana, mtaalamu wa historia aliyekuwa mkuu wa idara iliyosimamia Redio Rwanda, aliondolewa katika kazi hiyo baada ya mambo ya Bugesera. Wengi walidhani yamekwisha. Hayakwisha. Nahimana alikuwa mmoja wa walioanzisha redio nyingine, iliyojulikana kwa herufi zake RTLM, iliyoanza kutangaza mwezi wa Julai, 1993. Ilipiga muziki uliopendwa, watangazaji wake walifanya mzaha, na wasikilizaji walikaribishwa kusema. Katikati ya ngoma na kicheko, Watutsi waliitwa mende. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, redio hiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, nao wakawindwa. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu laki nyingi, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Katika kanisa lile la Nyamata walikufa maelfu.

Asidhani mtu kwamba hayo yalikuwa ya Rwanda peke yake. Mto Kagera ulichukua maiti mpaka Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo wakaingia Ngara, hapa Tanzania. Uongo usemwao katika nchi moja hulipiwa na nchi nyingine pia. Ndiyo maana twasema kwamba mtu ni raia wa nchi yake, na tena ni raia wa ulimwengu.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu Nahimana na wenzake wawili mwaka 2003. Katika rufani ya mwaka 2007 baadhi ya makosa yalifutwa na adhabu zikapunguzwa. Ya Nahimana ikawa kifungo cha miaka 30. Lakini angalieni: mahakama hiyo ilipewa mamlaka juu ya makosa ya mwaka 1994 tu. Habari ya Machi 1992 haikuwa na hakimu Arusha. Siku ile iliposomwa, hakimu pekee aliyekuwapo ni yule aliyekaa kando ya redio yake nyumbani.

Basi hakimu huyo ni wewe. Leo waraka wa namna ile hufika kwa simu ya mkononi, umekwisha kupita mikono elfu, na mara nyingi hudai kutoka kwa daktari fulani wa ng'ambo au kwa mkubwa fulani asiyetajwa jina. Kabla hujaupeleka mbele, uliza: Nani aliona kwa macho yake? Je, yuko mtu mwingine, asiye rafiki wa wa kwanza, asemaye hivyo hivyo? Na habari hii yanitaka nimfanyie nini jirani yangu? Swali hili la mwisho lisisahauliwe. Ikiwa yakutaka umchukie mtu unayemfahamu kwa sababu ya mtu usiyemfahamu, simama hapo.

Nami niulizeni vivyo hivyo, maana nami nasema nanyi kwa redio.

Tumerudi kwenye methali yetu. Lililosemwa Bugesera halikuwapo. Kilichokuja baadaye kililetwa na kusema kwenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini waraka ulisemekana kutoka Nairobi, na si kutoka kijiji cha jirani?

2. Taja habari uliyoiamini mwaka huu bila kumjua shahidi wake. Uliipeleka kwa nani?

3. Ukigundua kwamba ulieneza uongo, utawarudiaje wale uliowaambia?

Kwaherini.