Lugha ya Amri, Lugha ya Ngoma: Majina ya Kiswahili katika Matoleo ya Muziki wa Kielektroniki ya Kampala

Mwaka 2024 lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes, yenye makao yake Kampala, ilitoa albamu ya watayarishaji wawili wa Dar es Salaam, Sisso na Maiko, iitwayo Singeli Ya Maajabu. Jina hilo halimsumbui msomaji wa Kiswahili. Linalostahili kuulizwa ni mahali lilipochapishwa. Kampala ni mji ambao kwa muda mrefu umekihusisha Kiswahili na kambi, kizuizi cha barabarani na sauti ya mtu mwenye bunduki. Hata hivyo, tangu mwaka 2017, lebo hiyo na tawi lake la Hakuna Kulala zimetoa mfululizo wa santuri, kaseti na matoleo ya mtandaoni ambayo mengi yana majina ya Kiswahili, na yameuzwa na kusikilizwa mbali sana na Afrika Mashariki. Makala haya yanayasoma majina hayo kama ushahidi wa kihistoria. Hoja yake ni kwamba muziki huu umekipa Kiswahili cha Kampala kitu ambacho sera za lugha za karibu miaka mia moja hazikuweza kukipa, yaani nafasi ya kuchaguliwa bila kuamrishwa. Nafasi hiyo, hata hivyo, ni nyembamba, na neno moja tu lilitosha kuonyesha wembamba wake.

Lugha iliyokuja na amri

Historia ya kukataliwa kwa Kiswahili nchini Uganda inajulikana, na hapa inatosha kutaja vituo vyake vikuu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kulipinga pendekezo hilo akitetea nafasi ya Luganda, na wakuu wa makanisa, ambao walikuwa wamekwisha kuweka mizizi yao katika Luganda, hawakuwa tayari kuanza upya. Kiswahili kikabaki katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, mahali ambapo watu wa lugha nyingi walihitaji kupokea amri moja kwa wakati mmoja.

Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo, lililotoka kwa mtawala aliyekulia jeshini, liliwathibitishia wengi walichokuwa wakikishuku tangu zamani. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na kwa mara nyingine lugha ya washindi ikawa Kiswahili. Si rahisi kuilaumu familia ya Kampala ya miaka hiyo kwa kutotaka mtoto wake azungumze lugha ambayo usiku ilimaanisha mlango kugongwa.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Julai 2022, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kukipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Neno "lazima" ndilo la kuangaliwa. Katika kila kituo kilichotajwa, kuanzia gavana hadi baraza la mawaziri, Kiswahili kimeshuka kutoka juu.

Njia ya pembeni

Njia ya muziki ilianzia pengine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni wawili waliofanya makazi yao Kampala, walianza kuandaa sherehe za usiku zilizoitwa Boutiq Electroniq. Humo walicheza watu wa mitindo tofauti: Waganda, Wakongo waliokuwa wakiishi mjini, na Wakenya waliopita. Mwaka 2015 likafuata tamasha la Nyege Nyege kando ya Mto Nile huko Jinja, kisha lebo. Miongoni mwa matoleo ya mwanzo ilikuwa kazi ya Alai K wa Mombasa aliyejiita Disco Vumbi. Jina hilo la kisanii tayari ni Kiswahili cha kawaida kwa ngoma ya wazi, isiyo na sakafu wala paa, ambayo wachezaji huinua vumbi hadi alfajiri.

Lebo haikuanza kwa azma yoyote ya lugha. Gulu City Anthems ya Otim Alpha, iliyotoka mwaka 2017, ni ya Kiacholi. Ndani yake nyimbo za harusi za larakaraka zimehamishiwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano na mtayarishaji Leo Palayeng. Mwaka uliofuata zilitolewa rekodi za Ekuka Morris Sirikiti, mpigaji lukeme wa Lango. Kundi la Nakibembe Embaire la Busoga, ambalo watu kadhaa hupiga kwa pamoja marimba makubwa ya magogo yaliyolazwa juu ya shimo, lilipata albamu yake mwaka 2023. Kazi hizi hazikuhitaji Kiswahili hata kidogo.

Kiswahili kiliingia kwa mlango wa Dar es Salaam. Mwaka 2017 ilitoka Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na kwa wasikilizaji wengi wa nje ya Tanzania hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuisikia singeli. Mtindo huu ulikua katika vitongoji kama Manzese na Tandale, ukichota kutoka mchiriku na vionjo vya taarabu, na kuharakishwa hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Makuzi yake yalikuwa katika sherehe za usiku kucha ziitwazo vigodoro. Inafurahisha, kwa mtafiti wa lugha, kwamba usiku ambao hakuna anayelala umepewa jina la kitu cha kulalia.

Baada ya hapo majina yakafuatana. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018. Mwaka 2019 zikaja Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mateso ya Sisso na Uingizaji Hewa ya Duke, na mwaka 2022 DJ Travella akatoa Mr Mixondo. Wasanii hawa wote ni wa Dar es Salaam, lakini santuri zao zilitangazwa kwa ulimwengu kama kazi za lebo ya Kampala. Hivyo basi, kwa mara ya kwanza, mji usiotaka Kiswahili ukawa mahali Kiswahili kinapotokea kwenda Berlin na London.

Majina yanavyosema

Majina haya hayakutungwa kwa ajili ya wageni, na sarufi yake inalionyesha jambo hilo. Tatizo Pesa ni sentensi kamili isiyo na kitenzi kishirikishi. Mwalimu angedai "tatizo ni pesa", lakini anayelalamika kibarazani haihitaji "ni", kwa sababu kituo kifupi kati ya maneno mawili kinamfanyia kazi hiyo. Poaa imeandikwa kwa a mbili ili jicho lisikie mvuto wa sauti, mbinu ambayo vijana wa mjini wanaitumia kila siku katika ujumbe wa simu na ambayo kamusi zetu haziitambui. Mateso halina ujanja wowote, na pengine ndiyo maana lina uzito. Juu ya muziki wa kasi namna hiyo, ambao msikilizaji wa mbali huupokea kama furaha tupu, mtu wa Mburahati ameandika neno la kilio.

Lakini Uingizaji Hewa ndilo linalofundisha zaidi. Hili ni nomino iliyonyambuliwa kutoka kitenzi "ingiza", kwa mtindo wa istilahi za kitaalamu, na mahali pake pa kawaida ni kitabu cha sayansi ya shule, mchoro wa jengo au onyo la afya. Kamati za istilahi zimetumia miongo mingi kutengeneza maneno ya namna hii na kulalamika kwamba umma hauyapokei. Hapa neno la aina hiyo limechukuliwa na mtayarishaji kijana na kubandikwa juu ya mdundo ambao unamkata mchezaji pumzi. Huo ni utani, tena utani wa mtu anayeimiliki lugha yake kutoka darasani hadi uwanjani.

Jambo tofauti linaonekana katika jina la tawi, Hakuna Kulala, lililoanza kutoa kazi mwaka 2018. Hili halikutoka Dar es Salaam. Tawi hili liliwalenga zaidi watayarishaji wa kizazi kipya wa Kampala na wa mzunguko wake, wakiwemo Slikback wa Kenya na Rey Sapienz wa Kongo. Katika kundi kama hilo hakuna lugha mama moja, na Kiswahili kikawa cha wote kwa sababu si cha yeyote peke yake. Muundo wenyewe ulisaidia. Mzungumzaji wa Luganda husema "tewali kwebaka", kikanushi cha kuwapo kikifuatwa na kitenzi-jina, sawasawa na "hakuna kulala". Mganda analielewa jina hilo la Kiswahili kwa sarufi yake ya nyumbani kabla hajafundishwa na mtu. Inawezekana wanaoandaa vitabu vya Kiswahili kwa shule za Uganda wangeanzia katika ulinganifu wa namna hii, badala ya kuanzia katika ngeli.

Ushahidi ulio hai zaidi ni MC Yallah, mghani wa Kampala anayechanganya Luganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Albamu yake Kubali, aliyoifanya na mtayarishaji Debmaster, ilitoka chini ya Hakuna Kulala mwaka 2019, ikafuatwa na Yallah Beibe mwaka 2023. "Kubali" ni amri. Lakini hapa anayeamuru ni mwanamke mwenye kipaza sauti, na anayeamriwa amekuja kwa hiari yake na anaweza kuondoka.

Neno moja, lugha mbili

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba muziki umekisafisha Kiswahili cha Kampala. Jina la lebo lenyewe linakataa. Waandaaji wameeleza kwamba "nyege nyege" ni la Luganda, kwa maana ya msukumo wa ghafla usiozuilika wa kutaka kucheza. Kwa msemaji wa Kiswahili, "nyege" ni ashiki, tena kwa neno ambalo mtu halitamki mbele ya wakwe zake. Kurudiwa kwake, ambako katika lugha zetu nyingi za Kibantu huongeza kasi au marudio ya tendo, hakulipunguzi makali.

Kwa hiyo jina moja liliishi maisha mawili. Mwaka 2018 Simon Lokodo, aliyekuwa waziri wa maadili, alitaka kulipiga marufuku tamasha kwa madai ya uasherati, na likaruhusiwa baadaye. Septemba 2022 Bunge nalo lilitaka lisifanyike. Serikali ikaliruhusu kwa masharti, nalo likafanyika Itanda. Mabishano yalihusu mambo mengi: mavazi, mapenzi, pombe, fedha za watalii. Lakini jina lilirudi mara kwa mara, na lilihukumiwa kwa maana yake ya Kiswahili.

Hapa historia ina kejeli yake. Miezi miwili tu ilitenganisha uamuzi wa Julai 2022 wa kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na mjadala wa Septemba kuhusu tamasha. Katika nchi ambayo watu wengi husema hawakijui Kiswahili, umma ulionekana kukijua vya kutosha kuelewa matusi yake. Hali hiyo ina sababu. Lugha inayojifunzwa kambini, sokoni na garini hukabidhi kwanza maneno ya amri, ya bei na ya mwili. Maneno mengine huhitaji sebule, na sebule ndiyo hasa Kiswahili kilichonyimwa.

Kuna pingamizi jingine ambalo haliwezi kupuuzwa. Wanunuzi wengi wa santuri hizi wako Ulaya na kwingineko, nao hawajui kama Mateso ni jina la mtu au la mtaa. Kwao Kiswahili kinaweza kuwa pambo tu, alama ya umbali. Pingamizi hili ni la kweli kuhusu mnunuzi, lakini halimgusi aliyelitunga jina. Jay Mitta hakuandika Tatizo Pesa ili mtu wa Berlin apate ladha ya Afrika. Kinachobaki kuulizwa ni nani kati ya hao wawili atakayeamua jina la toleo lijalo, na jibu halipatikani katika sarufi.

Dalili moja ndogo ipo katika tahajia. Kiswahili sanifu kingeandika "Singeli ya Maajabu", kihusishi kikiwa kwa herufi ndogo. Toleo la 2024 limeandikwa Singeli Ya Maajabu, kwa Y kubwa, kama inavyofanyika mara nyingi katika orodha za nyimbo za Kiingereza mtandaoni. Maneno yote matatu ni ya Dar es Salaam. Herufi hiyo moja imepachikwa mahali fulani njiani, baada ya Mburahati.