Mti wa Mpaka na Jiwe la Mpaka

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni la kweli. Lakini kwa mali ya ardhi daftari peke yake halitoshi. Yahitajiwa pia alama iliyo chini, na jirani wa kuishuhudia. Twaweza kujifunza jambo hili katika historia ya mashamba ya nchi ya Wagusii, ambamo mna Ikonge, soko lililo katika vilima vya Nyamira, nchini Kenya.

Zamani watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa tele. Vijana walilinda ng'ombe katika maboma yaliyoitwa ebisarate, na malisho yalikuwa mali ya ukoo. Waingereza waliishinda nchi hiyo kwa silaha baina ya mwaka 1905 na 1908, na baada ya miaka michache wakayavunja maboma hayo. Watu wakazidi kuongezeka, na malisho yakageuka mashamba. Kila mke alikuwa na nyumba yake, iitwayo enyomba, na mashamba yake. Wanawe wa kiume waliyarithi. Mpaka ulikuwa kijito, mfereji, au safu ya miti. Ugomvi ulipozuka, wazee waliitwa, wakasimama juu ya mpaka wenyewe na kuwasikiliza mashahidi. Daftari lao lilikuwa kumbukumbu. Lakini mzee hufa, na mti huweza kung'olewa usiku.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitangaza mpango ulioitwa kwa jina la Swynnerton, mtumishi wa idara ya kilimo. Mpango huo ulitaka kila mkulima awe na shamba lililopimwa na hati ya kulimiliki. Baada ya uhuru kazi iliendelea, hasa kwa sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi. Kamati ya wenyeji ilichaguliwa. Maofisa wakatembea mpakani pamoja na wenye mashamba. Majina yakaandikwa, na ramani ikachorwa. Asiyeridhika alipewa siku 60 kuleta pingamizi.

Hapo ndipo kalamu ilipokuwa na nguvu kuliko jembe. Kwa kawaida liliandikwa jina la mwanamume mmoja, naye mke aliyelilima shamba hilo miaka yote hakuandikwa. Tena sheria ya usajili ya mwaka 1963 haikuiruhusu mahakama kuusahihisha usajili wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa hila. Ndugu aliyekuwa mbali siku ile aliweza kurudi na kukuta fungu lake limo katika hati ya mwingine. Mahakimu wengine walitafuta njia ya haki, wakasema kwamba mwenye hati ameshika amana kwa ajili ya jamaa zake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012.

Msomaji huenda akadhani kwamba ramani ile ilimaliza ugomvi wa mipaka. Sivyo. Katika sehemu nyingi za Kenya ramani hizo zilichorwa kwa kufuata nyua za miti zilizoonekana katika picha zilizopigwa kutoka angani. Kwa hiyo sheria yenyewe yasema kwamba ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Majirani wakishindana, msajili wa ardhi ndiye huamua kwanza, kabla ya mahakama. Basi karatasi, baada ya safari ndefu, humrudisha mtu kwenye ua wa babu yake.

Siku hizi shamba la babu hugawanywa kwa wana na wajukuu, na sehemu za karibu na masoko huuzwa kuwa viwanja vya nyumba. Kazi hii yataka mpimaji mwenye leseni. Zamani wapimaji walitumia mnyororo wa futi 66, na minyororo mraba 10 ilikuwa ekari moja; leo hutumia vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti. Shamba la kilimo haligawanywi bila idhini ya bodi ya ardhi. Mpimaji hutia mawe ya mpaka pembeni, huchora mgawanyo, na kila fungu hupata nambari yake na hati yake. Kuling'oa jiwe hilo ni kosa la jinai.

Mnunuzi asiyepima hujidhuru mwenyewe. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa mara nyingi thumuni ya ekari. Fanya hesabu: ekari ni futi mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445, kiwanja hicho kina 5,000 tu. Futi 445 zimepotea katika maneno matamu ya muuzaji.

Hata hivyo, mpimaji mwenye busara haanzi kazi kwa siri. Huwaita majirani wa pande zote, na wazee wanaokumbuka mti ulisimama wapi. Chombo chake hupima urefu. Hakiwezi kupima haki. Jiwe lililotiwa mbele ya macho ya wote hudumu, na lililotiwa kwa hila huwa mbegu ya kesi itakayorithiwa na watoto. Nawe, siku utakaporithi au kununua ardhi, tafuta hati, tafuta mpimaji, na usisahau kumwita jirani.