Khiana ya Makampuni na Mipaka ya Elimu

Mwezi wa Desemba 1939, mbele ya wanazuoni wa elimu ya jamii waliokusanyika Philadelphia, Edwin Sutherland alitamka jambo lililowatikisa wengi wa zama zake, nalo ni kwamba uhalifu si tunda la ufukara peke yake, bali hutendwa kadhalika na watu wenye cheo, katika kazi zile zile zinazowapatia heshima yao. Miaka 10 baadaye akatoa kitabu juu ya makampuni makubwa 70 ya Marekani, akiwa amekusanya maamuzi 980 yaliyotolewa dhidi yao na mahakama na mabaraza ya serikali, na ikadhihirika kuwa hapana hata kampuni moja iliyosalimika. Lakini katika maamuzi hayo yote, 158 tu yalitoka katika mahakama za jinai. Na wachapishaji, kwa kuchelea mashitaka, waliyafuta majina ya makampuni, yasipate kusomwa mpaka mwaka 1983.

Tayari mwaka 1947 Paul Tappan alikuwa amempinga kwa hoja ya kisheria, akishika kwamba mhalifu ni yule tu aliyehukumiwa na mahakama ya jinai. Insafu yataka tukiri kuwa hofu yake ilikuwa na msingi, maana neno hilo likiachwa holela, kila mtafiti atamwita mhalifu yeyote asiyempenda. Hata hivyo, tukikubali kipimo chake bila nyongeza, itatulazimu kusema kuwa maamuzi 822 yaliyosalia hayahusu elimu ya uhalifu, ilhali aliyedhulumiwa haulizi dhuluma yake ilisikilizwa katika baraza gani. Mimi naamini Sutherland alikuwa karibu zaidi na haki.

Tuitazame sasa khiana ya namna hiyo nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International ilipewa haki ya pekee ya kusafirisha dhahabu na almasi, na juu ya thamani ya bidhaa hizo ikaahidiwa fidia ya asilimia 35, ambapo kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 20. Nchi yenyewe haichimbi almasi, na dhahabu yake ni haba. Hapa ndipo penye ibra kubwa kwa mtafiti: mkaguzi wa hesabu aweza kukuta stakabadhi zimetiwa sahihi na muhuri, mwanasheria akaukuta mkataba umeandikwa kwa taratibu, na mwanauchumi akaisifu nia ya kuvuta fedha za kigeni wakati nchi inazihitaji mno, bali mjuzi wa madini, ambaye hakuna desturi ya kumwita katika mambo ya hazina, angeuliza swali moja tu, mawe hayo yamechimbwa wapi? Hadaa ya namna hii hukaa mahali ambapo elimu moja inakoma na nyingine haijaanza, na hudumu kwa sababu kila mwenye fani huridhika kwamba sehemu yake i sawa.

Wala haitoshi kuongeza wahasibu na mahakimu. Gary Becker alifundisha mwaka 1968 kuwa mtu hupima faida ya kosa dhidi ya uzito wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa. Hesabu hiyo yaeleza mengi juu ya mwizi, lakini haimwelezi David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, ambaye mwaka 1993 alitoa nyaraka za siri za malipo yaliyofanywa kwa Goldenberg, akakamatwa na kushitakiwa, na hata mashitaka yalipoondolewa hakurudishiwa kazi yake, hata akafariki mwaka 2006 katika dhiki. Kwa nini yeye alisema, na wenzake walioziona karatasi zile zile wakanyamaza? Hilo ni swali la elimu ya nafsi, la historia ya utumishi wa serikali, na la maadili ya malezi, wala halimo katika daftari lolote la hesabu.

Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza mambo ya Goldenberg, ilisikiliza ushahidi wake hadharani. Vyuo vyetu vikuu vina wajibu wa kuufundisha katika darasa moja, mwanafunzi wa sheria akikaa pamoja na wa uhasibu, wa jamii na wa madini, kila mmoja akilazimika kuyajibu maswali ya mwenziwe.