Ndoa ya Ndege Mbili na Ndoa Isiyo na Chumba

Leo nawaletea stori ya sinema ya kitambo na ya ndoa ya babu yangu. Nipeni dakika tano kabla mniambie hizo vitu mbili haziingiliani.

Sinema yenyewe inaitwa Baboona, ya 1935. Waliitengeneza mtu na mkewe, Martin na Osa Johnson, Wamarekani kutoka Kansas. Wote wawili walikuwa wamejifunza kurusha ndege. Mwaka wa 1933 wakaja Afrika na ndege mbili aina ya Sikorsky, zile za kutua majini na pia nchi kavu. Moja waliipaka mistari ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Manze, ukiona hizo picha hata leo unaelewa kwa nini watu walitoa pesa kuingia sinema. Ni nganya kabisa, kama zile za mitaa yetu, ila hizi zinapaa.

Ile ya pundamilia iliitwa Osa's Ark, yaani safina ya Osa. Jamaa alimpa mkewe ndege yenye jina lake! Wewe hujajibiwa hata "nimefika" kwa simu.

Martin na Osa walioana 1910, Osa akiwa na miaka 16 tu. Kufikia wakati wa Baboona walikuwa wanaijua Kenya vizuri, kwa sababu katikati ya miaka ya 1920 waliishi miaka kadhaa kando ya Ziwa Paradise huko Marsabit wakipiga picha za tembo. Safari ya ndege iliwapeleka mbali zaidi. Inasemekana waliruka karibu maili 60,000 juu ya Afrika, ambayo ni kama kilomita 96,000. Walipiga picha Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka juu, na makundi ya wanyama yanayotimka chini kama mchanga uliomwagika.

Hiyo ni sinema ya wanyama, ndiyo, lakini kilichouzwa ni mapenzi. Marekani ilikuwa kwenye dhiki ya miaka ya 1930, watu hawana kazi, na hapo kwenye skrini kuna mume na mke wanafanya kazi moja, wanakula pamoja, wanaogopa pamoja, wanapaa pamoja. Osa anashika bunduki, anavua samaki, anapika, anaendesha ndege. Kwa mwanamke wa enzi hiyo, hiyo ilikuwa kubwa. Kusema ukweli, mimi mwenyewe nilinaswa. Nilikuwa nimelala kwa kitanda changu Umoja, simu kifuani, nikawaza hiyo ndiyo ndoa ningetaka.

Halafu nikawaza chini ya zile ndege kulikuwa na nani.

Chukua Nairobi ya 1933, mwaka huohuo wa ndege za Johnson. Mwanaume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande, cheti cha kazi chenye alama za vidole, ambacho wengi walikibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukipatikana bila hicho, unashikwa. Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga mambo kama hayo, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Polisi wakapiga risasi, na yeye ni mmoja wa waliouawa. Miaka kumi na moja baadaye, wageni wawili wanaruka kilomita elfu na elfu juu ya nchi hiyohiyo, na mtu wa Pumwani hawezi kuvuka mji bila karatasi.

Lakini kipande mlisomea shuleni. Kile hatukufunzwa vizuri ni stori ya vyumba.

Serikali ya kikoloni ilitaka nguvu za mwanaume Mwafrika mjini, haikutaka familia yake. Mpango ulikuwa rahisi: mume aje Nairobi afanye kazi, mke abaki kijijini alime, alee watoto. Kwa hivyo mshahara ulipimwa kama wa kapera, na nyumba zilijengwa za makapera. Vitanda vilipangwa kwa safu, wanaume kadhaa chumba kimoja. Ukiuliza kwa nini mitaa ya zamani ya Eastlands ina vyumba vidogo hivyo, choo na bomba vya kushiriki, jibu la kwanza ni hilo. Aliyechora ramani hakuwa anamwona bibi yako ndani yake.

Wanawake walikuja hata hivyo. Wengine walijenga nyumba zao Pangani na Pumwani, wakawa ndio landiledi wa kupangisha wanaume. Pangani ile ya kwanza ilibomolewa mwisho wa miaka ya 1930. Ilichukua mpaka miaka ya 1940 ndipo mtaa kama Kaloleni ukajengwa kwa kufikiria familia, na hata hapo nyumba hazikutosha.

Babu yangu alikuja Nairobi miaka ya 1950 kama kibarua. Alishiriki chumba na wanaume wengine watatu. Nyanya yangu alibaki ocha. Walikuwa kwenye ndoa miaka mingi sana, lakini nyanya aliwahi kuniambia kwamba ukijumlisha siku walizolala chini ya paa moja kabla babu kustaafu, hazifiki miaka minne. Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Sasa rudi kwa Johnson. Siwachukii. Januari 1937 walikuwa abiria kwenye ndege iliyoanguka California. Martin akafariki, Osa akaumia vibaya lakini akapona. Mwaka wa 1940 akatoa kitabu kinachoitwa I Married Adventure, jina linalosema aliolewa na maisha ya safari na hatari, na mwaka uleule kikatolewa sinema, Osa akiigiza kama yeye mwenyewe. Ni mjane anayesimulia mapenzi yake mbele ya dunia. Hiyo ni huzuni ya kweli na siwezi kuicheka.

Shida yangu ni kwamba ndani ya sinema zao, Waafrika ni wabeba mizigo au ni mzaha. Katika Congorilla ya 1932 wanawapa Wambuti wa Kongo sigara na muziki wa jazi ili watazamaji wacheke. Hakuna mahali mtu mweusi ana mke anayemkosa. Hao wanaume waliobeba mizigo yao Marsabit, nao walikuwa waume wa watu. Kamera ilikuwepo, filamu ilikuwepo, swali tu ndilo halikuulizwa.

Na hii ndege haijatuacha. Uwanja wa Eastleigh ulifunguliwa wakati wa Vita vya Pili, na kwa miaka ndiyo ilikuwa njia ya kuingia Nairobi. Embakasi ikafunguliwa 1958, na ilijengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, wanaume waliotenganishwa na wake zao kwa nguvu. Sisi watoto wa Umoja, Donholm na Kayole tulikua tukipungia mkono ndege zinazoshuka huko, bila kujua ni nani alilala chini ili hizo ndege zitue.

Mwaka wa 2014 Mkenya, Irene Koki Mutungi, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Kwa hivyo juu tumefika. Huku chini bado kuna mtu wako anaishi singo rumu Nairobi, na mpenzi wake yuko ocha au Qatar, wanapendana kwa bando la mia.

Niliacha chuo, sina digrii ya historia. Lakini kama ningekuwa na kamera na doh, sinema yangu haingekuwa na ndege. Ingekuwa na chumba kimoja, wanaume wanne, na mmoja wao anaandika barua usiku kwa mwanga wa koroboi.

Wewe je, babu na nyanya yako waliishi pamoja miaka mingapi? Waulize kama bado wako. Kisha mniambie.