Nani Aliyekubali Port Reitz?

Hori la Port Reitz, lile linaloingia bara kutoka Kilindini na kuiacha Changamwe upande mmoja, limebeba jina la kijana wa jeshi la majini la Uingereza aliyeishi Mombasa miezi michache tu. Luteni John James Reitz aliachwa mjini Februari 1824 na Kapteni William Owen wa manowari Leven, awe msimamizi wa himaya ambayo hakuna aliyemtuma Owen kuianzisha. Homa ikamuua Reitz Mei mwaka huohuo, na himaya yenyewe ikafa Julai 1826. Sijui kisa kinachoeleza vizuri zaidi neno la Kiingereza "acceptable", ambalo tumezoea kulifasiri "-a kukubalika" na kusonga mbele, kana kwamba kazi imekwisha.

Kazi haijaisha, kwa sababu neno letu lina nguvu kuliko lao. Kukubali tumelipata kwa Kiarabu, pamoja na kibali, na mzigo hautoki bandarini Kilindini bila kibali. Ukiongeza -ika unapata ama uwezekano, kama njia inayopitika na chakula kisicholika, ama hali iliyokwisha kuwa, kama chungu kilichovunjika. Sasa msikilize mtu akisema mgombea fulani anakubalika Changamwe. Hasemi kwamba mgombea huyo anavumilika. Anasema ana watu, akisimama uwanja unajaa. Mwingereza akimwita mtu huyohuyo "acceptable" atakuwa amemsifu nusu mdomo: hana kasoro ya kutosha kumkataa, basi apite. Kazi ya mwanafunzi ikipewa neno hilo, imepona kufeli. Hiyo kwetu ni afadhali, au si haba, wala si kukubalika. Zaidi ya hayo, neno la Kiingereza huacha mlango wazi: kitu kinaweza kukubaliwa, ila huyo wa kukubali hajasema lolote bado.

Mlango huo ndio walioingilia Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Walikuwa wakimkabili Seyyid Said wa Omani, aliyeitaka Mombasa, nao wakatafuta ulinzi wa Waingereza. Waingereza wa Bombay waliwakatalia. Desemba 1823 Kapteni Vidal wa manowari Barracouta alipowapitia aliombwa bendera, naye akakataa. Owen alipofika Februari aliikuta bendera ya Uingereza ikipepea juu ya ngome, wenyeji wameipandisha wenyewe. Yeye alichukia biashara ya watumwa, akaona nafasi. Masharti yakaandikwa: Uingereza iilinde Mombasa, Wamazrui waendelee kutawala, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikomeshwe. Kwa Owen mapatano hayo yalikuwa "acceptable" kwa maana kamili ya neno, yaani yanafaa kupelekwa London yakasubiri. Kwa liwali Suleiman bin Ali na wazee wake yalikuwa yamekwisha kukubaliwa, kwani afisa alikuwa ameachwa mjini, na alipokufa Reitz akaja mwingine, Luteni James Emery, aliyekaa hadi mwisho. London haikukubali. Mwaka 1822 ilikuwa imefunga na Said mkataba uitwao wa Moresby, wa kubana biashara hiyohiyo ya watumwa, na haikuona faida ya kumuudhi rafiki kwa ajili ya mji mmoja. Emery akaondoka, na kufikia 1837 utawala wa Wamazrui Mombasa ulikuwa umekwisha.

Mtu atanijibu kwamba naitwika sarufi mzigo wa siasa: lililowaangusha Wamazrui ni majahazi na askari wa Said, si kiambishi. Kweli, na tena Wamazrui hawakuwa wajinga wa kudanganywa na neno. Anayepandisha bendera ya mwenzake kabla ya kuruhusiwa anajua vizuri kwamba hajaruhusiwa. Alitaka bendera imtishe adui, na kwa muda ilimtisha. Nisemalo mimi ni dogo zaidi, ila naliona gumu kukanushwa: ukisoma makubaliano yale bila kuuliza yamekubaliwa na nani, huelewi kwa nini upande mmoja uliona umesalitiwa na upande wa pili ukaona haujaahidi kitu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Hata -ika yetu humficha mtendaji. Kumbukumbu za vikao zimejaa "imekubalika kwamba", na hakuna ajuaye nani aliinua mkono. Sawa. Lakini msemaji wa Kiswahili ana njia ya kutoka, kwa sababu -wa ipo karibu: sema "imekubaliwa", na msikilizaji atauliza palepale, "na nani?" Kiingereza nacho kina dawa yake, lazima mtu aongeze kitu hicho kinafaa kwa nani, lakini dawa hiyo mara nyingi huachwa mezani. Mfasiri makini aitafute kwanza, ndipo achague kati ya kukubalika, kuridhisha, kuvumilika na si haba.

Lililobaki la himaya ile ni jina. Uwanja wa ndege wa Mombasa uliitwa Port Reitz kabla ya kupewa jina la Moi. Hospitali bado inaitwa hivyo, na makondakta wa matatu huliita kwa pumzi moja, Portreitz, bila kumkumbuka luteni yeyote. Jina hilo halikupigiwa kura na wenyeji, wala hawakuombwa kibali. Limekubalika tu, na hapa -ika inatosha.