Tupa Inayozunguka Ndani ya Mzizi

Huku Mumosho, kusini mwa Bukavu, maji ya mto Ruzizi huzungusha mitambo ya Ruzizi II, kituo cha pamoja cha Kongo, Rwanda na Burundi kilichoanza kutoa umeme mwaka 1989. Hata hivyo, jino likioza, dawa inayojulikana vijijini ni koleo. Anayetaka kulibakiza hupanda gari hadi mjini, na huko, fedha na umeme vikiwepo, husikia mvumo wa mota ndogo inayopeleka tupa nyembamba mzizini.

Tupa hiyo asili yake ni saa. Mwaka 1838 Edward Maynard, Mmarekani, alichonga kamani ya saa ikawa kifaa cha kukwangua mfereji ulio ndani ya mzizi wa jino. Vidole viliisukuma kwa miaka hamsini hivi. Mwaka 1889 William Rollins akaifunga kwenye mashine, ila akaiwekea mpaka: mizunguko 100 kwa dakika, isivunjike ndani. Woga wake ulikuwa na akili.

Mzizi hupinda, tupa ya chuma cha pua hutaka kunyooka. Ikilazimishwa hutoboa ukuta wa mzizi. Nafuu ilitoka jeshini. William Buehler, katika maabara ya silaha ya wanamaji wa Marekani, alipata mchanganyiko wa nikeli na titani unaopinda kisha ukarudi. Mwaka 1988 Harmeet Walia na wenzake wakachonga tupa kwa waya wa aina hiyo wa kunyooshea meno. Miaka ya tisini mota zikaenea.

Ndipo shaka ikazuka kwamba mota hupasua mizizi. Mwaka 2009 watafiti walikata kwa msumeno mizizi ya magego madogo 260: iliyosafishwa kwa mkono haikuwa na nyufa, ya mota baadhi ilikuwa nazo. Mwaka 2014 timu ya Gustavo De-Deus ikaipiga picha za eksirei mizizi mizima, kabla na baada, ikakuta nyufa zote zilikuwepo tangu mwanzo. Mimi naamini picha kuliko msumeno, maana msumeno nao hupasua.

Hilo haliisafishi mota. Tupa ikikaza, hukatika au hula ukuta upande mmoja, na mzizi uliolika ukipasuka baadaye, mgonjwa hurudi kwa koleo. Daktari makini huitoa kila mara, akaifuta kwa pamba, akaitazama chini ya taa. Mizingo yake ikifunguka hata kidogo, huitupa.